Fomu na Hikaya: Ombi la Uraia katika No New Land ya Vassanji na By the Sea ya Gurnah

Neno raia lina historia ambayo aghalabu husahaulika. Katika Kiarabu, lugha lilikotoka, lilihusu kundi la mifugo lililo chini ya mchungaji, na kwa kupanuka kwa maana, watu walio chini ya mtawala. Mtu wa Mwambao wa karne ya 19 aliyehesabiwa kuwa raia wa Sultani hakuwa na kura wala cheti. Alikuwa na bwana, na bwana huyo alitarajiwa kumlinda. Neno mwananchi limeundwa kwa namna nyingine kabisa. Ni mwana na ni nchi, yaani uhusiano wa uzazi, na uzazi hauombwi wala hautolewi kwa hati. Hivyo basi Kiswahili kinamruhusu mtu aombe uraia; hakimpi njia yoyote ya kuomba uananchi. Anayetamka sentensi kama hiyo atachekwa, na kicheko hicho kina maana kwa mhakiki.

Makala haya yanadhamiria kuifuata tofauti hiyo ndani ya riwaya mbili zilizoandikwa kwa Kiingereza na waandishi waliokulia katika pwani hii: No New Land (1991) ya M. G. Vassanji, na By the Sea (2001) ya Abdulrazak Gurnah. Wa kwanza alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akalelewa Dar es Salaam, na hatimaye akafanya makazi Toronto. Wa pili alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaishi na kufundisha Uingereza, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Uhakiki mwingi wa riwaya hizi huzisoma kama masimulizi ya uhamiaji: mtu anaondoka, anateseka, anazoea, na mwishowe anakuwa raia wa huko alikokwenda. Usomaji huo haukosi ushahidi, lakini unaudhi kidogo kwa sababu unaichukulia sheria kuwa ndiyo msuko. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba riwaya zote mbili zinajengwa juu ya ushindani baina ya tanzu mbili za usimulizi, yaani fomu na hikaya, na kwamba kila moja inampa ushindi mshindani tofauti.

Fomu kama utanzu

Yamkini wapo watakaoshangaa fomu ya serikali kuitwa utanzu. Lakini utanzu ni nini ila mkataba baina ya msimulizi na msikilizaji kuhusu kipi kisemwe, kwa mpangilio upi, na kwa sababu gani? Mkaazi wa kudumu anayeomba uraia wa Kanada leo hutakiwa kuthibitisha kwamba katika miaka 5 iliyotangulia ombi lake ameishi ndani ya nchi hiyo kwa siku zisizopungua 1,095. Aliye na umri wa kati ya miaka 18 na 54 huonyesha pia kwamba anaijua lugha rasmi mojawapo, na hufanya mtihani wa maswali 20 kuhusu historia, serikali na desturi za nchi. Akipata 15 amefaulu. Kisha huja kiapo cha utii kwa Mfalme. Uingereza nayo ilianzisha hafla za uraia mwaka 2004 na mtihani wa maisha ya Uingereza mwaka 2005, wenye maswali 24. Huko mwombaji hutakiwa pia kuwa mtu wa tabia njema, na awe na wadhamini wawili wa kumshuhudia.

Tukiyasoma masharti haya kwa jicho la mhakiki wa usimulizi, tunaona kaida zake bayana. Msimulizi ni mmoja na jina lake ni moja. Wakati husonga mbele tu. Hakuna mbinu rejeshi. Mahali huhesabiwa kwa siku, na siku ambayo mhusika alikuwa kwingine, hata kama alikwenda kumzika mamaye, ni pengo la kuelezwa. Wahusika wengine hawaingii ila wakiwa wadhamini au jamaa wa karibu. Sauti ni ya unyenyekevu bila ya kuwa ya dua. Na juu ya yote, msikilizaji ana uwezo ambao msikilizaji wa hadithi hana: akitilia shaka simulizi, maisha ya msimulizi hubadilika.

Hali hii si ngeni katika nathari ya Kiswahili. Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya masimulizi ya awali ya Waswahili kujihusu wenyewe yalitolewa kwa kuombwa na wenye mamlaka. Carl Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani alipokusanya yale yaliyochapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, na humo Salim bin Abakari anaeleza safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, nayo ilitufikia kwa mkono wa Heinrich Brode. Mswahili amezoea kujisimulia mbele ya mtu mwenye kalamu na mhuri. Alichojifunza katika uzoefu huo ni ustadi wa kusema kweli bila ya kuimaliza. Ustadi huo ndio anaokuja nao Saleh Omar katika uwanja wa ndege wa Gatwick.

Nurdin Lalani na hakimu asiyekuwa hakimu

No New Land inaihusu familia ya Nurdin na Zera Lalani na watoto wao Fatima na Hanif, wa jamii ya Washamsi ambayo mwandishi ameibuni kwa kuiegemeza kwenye jamii halisi ya Waismailia. Wameondoka Dar es Salaam miaka ya 1970 na kuingia katika jengo la ghorofa nyingi huko Don Mills, Toronto, ambamo karibu kila mlango unafunguliwa na mtu wa Dar. Sheru Mama anapika chapati mamia kwa siku na kulea watoto wa majirani huku mumewe Ramju akizipaka siagi. Jengo hilo ni mtaa uliosimamishwa wima. Vassanji analichora kwa ucheshi usio na dharau, na sehemu hizi ndizo zilizo bora kupita zote katika riwaya.

Usuli wa kihistoria wa safari hiyo unahitaji kutajwa, japo kwa ufupi, kwa sababu wasomaji wa leo huusahau. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, aliyezaliwa nchini na ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa nchini alikuwa raia papo hapo. Wengine walipewa miaka miwili, hadi tarehe 12 Desemba 1965, kuomba waandikishwe. Waasia wengi walisita, na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1967 ikawafanya waliosita kuwa watu wa kuomba vibali vya kazi katika nchi waliyozaliwa. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, Uingereza nayo ikawafungia mlango wenye pasipoti zake ambao hawakuwa na nasaba ya Kiingereza. Tanzania ilikuwa na mkondo wake: sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo iliwagusa Waasia wengi wa Dar es Salaam, waliokuwemo raia halali. Somo walilolipata ni kwamba mtu aweza kuwa raia kwa cheti na asiwe mwananchi machoni pa jirani. Nurdin anafika Toronto akiwa tayari amehitimu somo hilo, na ndiyo maana haamini kwamba cheti kingine kitamponya.

Kinachomkabili kwanza si fomu ya uraia bali fomu ya kazi. Yeye aliyekuwa akiuza viatu vya Bata anaulizwa kila aendako kama ana uzoefu wa Kanada. Hiki ni kinaya cha kisheria na cha kiusimulizi kwa pamoja. Anaruhusiwa kukaa, lakini maisha yake ya miaka yote hayasomeki. Wasifu wake unaanza siku aliyoteremka kwenye ndege. Ukurasa ni mweupe. Ofisi za nchi mpya zinamtaka msimulizi asiye na mwanzo, nayo riwaya inajibu kwa kumrudisha msomaji Dar es Salaam kwa sura nzima, kwa baba mkali Haji Lalani, kwa mapenzi yaliyozimwa, kwa adhabu zisizosahaulika. Wahakiki wanaolalamika kwamba sehemu hizo za nyuma zinaipunguzia riwaya kasi hawajaona kwamba kasi ndiyo inayopingwa.

Picha ya Haji Lalani iliyotundikwa ukutani ni taswira kuu ya riwaya. Marehemu anamtazama mwanawe kila anaporudi nyumbani. Anajua kwamba huko kazini, kwa kushawishiwa na mwenzake Romesh, Nurdin ameonja soseji ya nguruwe na bia. Anajua kuhusu Sushila, mwanamke wa zamani za Dar aliyekutana naye tena Toronto. Kwa lugha ya makala haya, picha hiyo ndiyo ofisa wa uhamiaji wa kweli. Inahesabu siku za kutokuwepo. Inauliza kuhusu tabia njema. Nurdin hawezi kuijazia fomu.

Ndipo linapokuja tukio lililo kitovu cha msuko. Nurdin anainama kumsaidia mwanamke Mreno aliyeanguka mahali pake pa kazi, naye mwanamke anapiga kelele kwamba anashambuliwa. Wahakiki huisoma sehemu hii kama mfano wa ubaguzi, na ni kweli kwamba riwaya imekwisha kutuonyesha Esmail akisukumwa relini na vijana wa mtaani katika kituo cha treni ya chini ya ardhi. Lakini kuna jambo la kisheria linalopita bila kutajwa. Chini ya sheria ya uraia ya Kanada, mtu aliyefunguliwa shtaka la jinai la uzito fulani hawezi kupewa uraia wala kula kiapo hadi shtaka limalizike. Kwa mhamiaji, basi, neno la shahidi mmoja lina uwezo wa kusimamisha hadithi nzima mahali ilipo. Hatari inayomkabili mhusika si jela peke yake. Ni kubaki katikati, mkaazi wa kudumu kwa maana chungu ya neno kudumu.

Vassanji analitatuaje? Kwa njia mbili, na hapa hukumu ya mhakiki haiwezi kuwa moja. Njia ya kwanza ni Jamal, wakili mjanja wa jamii, anayelimaliza jambo kwa mapatano ya fedha. Njia ya pili ni kuwasili kwa Missionary, mwalimu mzee wa dini kutoka Dar, anayekaa kwa akina Lalani, na kwa mzaha na busara anaiondolea picha ya Haji Lalani nguvu yake. Hiyo ndiyo hafla ya uraia ya riwaya hii. Hakuna bendera wala jaji. Anayempa Nurdin ruhusa ya kuishi Kanada ni mzee wa kwao, na anampa kwa kumfungulia yaliyopita, si kwa kumtaka ayakane. Ubunifu huu ni wa hali ya juu. Unaligeuza jina la riwaya, linalomkumbusha msomaji shairi la Cavafy kuhusu mji unaomfuata mtu popote: ikiwa hakuna nchi mpya, basi mwenye kibali cha nchi mpya ni mtu wa nchi ya zamani.

Hata hivyo, bei ya suluhisho hilo ni kubwa kuliko riwaya inavyokiri. Yule mwanamke Mreno naye ni mhamiaji. Naye yumkini alijaza fomu, akaulizwa habari za uzoefu, akaishi katika jengo lenye harufu za kwao. Riwaya haimpi hata aya moja ya ndani. Anabaki kuwa kelele, kisha kuwa bei. Mwandishi aliyemtetea Nurdin kwa kumrudishia historia yake amemtendea mwanamke huyu yaleyale ambayo ofisi humtendea Nurdin: amemwacha na ukurasa mweupe. Haitoshi kusema kwamba riwaya inasimulia kwa kuegemea macho ya Nurdin, kwa kuwa Vassanji huyaacha macho hayo kila anapotaka, kwa mfano anapotuingiza katika mawazo ya Nanji, msomi mwenye mashaka. Angalitaka, angaliweza. Zera pia amepunjwa, ingawa kwa kiasi kidogo: imani yake ni imara, uchungu wake hatuujui.

Saleh Omar na jina la kuazima

By the Sea inaanza pale ambapo No New Land haikutaka kusimama, yaani mbele ya meza ya ofisa. Saleh Omar, mzee wa miaka 65, mfanyabiashara wa samani kutoka Unguja, anafika Gatwick akiwa na pasipoti ya jina la Rajab Shaaban Mahmud. Ameshauriwa na aliyemuuzia tikiti asijue Kiingereza. Anajua Kiingereza vizuri, hata amemsoma Melville na karani wake Bartleby, lakini anatamka maneno mawili tu: kwamba yeye ni mkimbizi na kwamba anaomba hifadhi. Ofisa, Kevin Edelman, anapekua mizigo yake na kuchukua kijaluba cha udi alichokuja nacho. Udi huo una historia ndefu ya biashara ya Bahari ya Hindi na ya urafiki uliogeuka sumu. Kwa Edelman ni kitu kinachonukia vizuri.

Ikumbukwe kwamba ombi la hifadhi si ombi la uraia. Ni mlango wa mbali zaidi katika ukumbi uleule: hifadhi, kisha ukaazi wa kudumu, kisha uraia. Lakini mkataba wa usimulizi ni mmoja, na Gurnah ameuvua nguo. Edelman anamweleza mzee kwamba Ulaya si mahali pake, na papo hapo tunajua kwamba wazazi wa Edelman mwenyewe walikuja wakiwa wakimbizi kutoka Romania. Kinaya hiki kingekuwa chepesi kama kingeishia hapo. Uzito wake unatokana na ukimya wa Saleh. Msomaji anasikia sauti yake ya ndani, yenye adabu, elimu na kejeli, ilhali ofisa anasikia maneno mawili. Riwaya nzima imo katika nafasi iliyo baina ya sauti hizo mbili.

Swali linalofuata ni la jina. Kwa nini Rajab Shaaban Mahmud? Jibu linatoka polepole, katika mazungumzo ya Saleh na Latif Mahmud, mhadhiri na mshairi wa London, ambaye ni mwana wa huyo Rajab. Miaka mingi nyuma Rajab aliiweka nyumba yake rehani kwa mfanyabiashara aitwaye Hussein, naye Hussein akaikabidhi hati hiyo kwa Saleh kama dhamana ya mkopo wake mwenyewe, kisha akaondoka asirudi. Saleh akaidai nyumba na akaipata. Hati ilikuwa halali. Familia ikaharibika. Baadaye, chini ya serikali mpya, Saleh naye akanyang'anywa na kufungwa miaka mingi. Alipohitaji pasipoti asiyoweza kuipata kwa jina lake, akatumia cheti cha kuzaliwa cha mtu yule aliyekuwa amemchukulia nyumba.

Hapa ndipo ustadi wa Gurnah unapoonekana. Wasomaji wengi huliona jina la uwongo kama hila ya mkimbizi, na ni hila. Lakini ni deni pia. Karatasi iliyomnyima Rajab nyumba Unguja ndiyo inayofanana na karatasi inayompa Saleh chumba Uingereza. Zote mbili ni halali kwa sura na dhuluma kwa kiini. Si kweli, basi, kwamba mateso ya karatasi yalianza kwa mzungu wa Gatwick. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuumizana kwa rehani, mikataba na mashahidi kabla ya mmoja wao kupanda ndege. Riwaya inakataa kumpa Saleh usafi wa mwathiriwa. Ndiyo maana mazungumzo yake na Latif hayawezi kuwa maombi ya msamaha tu wala mashtaka tu. Ni kesi isiyo na jaji, ambamo kila mmoja anasahihisha kumbukumbu ya mwenzake na kukubali kusahihishwa.

Latif naye hana jina lake la kwanza, alikuwa Ismail. Alipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea udaktari wa meno, akakuta kwamba rafiki yake wa barua, Elleke, alikuwa mvulana aitwaye Jan, kisha akavuka kuja Uingereza. Watu wawili wenye majina ya kuazima wanakaa katika mji mdogo wa ufukweni na kuambiana kweli. Mpangilio huo unapingana na kila kaida ya fomu iliyotajwa hapo juu: wakati unarudi nyuma, majina ni mengi, mapengo ndiyo maudhui, na msikilizaji hana uwezo wa kumfukuza msimulizi, ila wa kuinuka na kuondoka. Latif haondoki. Kwa Vassanji hikaya ilishinda kwa kuiponya fomu. Mzee alikuja akafanya ambacho jaji angefanya. Kwa Gurnah hikaya haiponyi kitu katika faili la serikali. Jina la uwongo lilikubaliwa, na litabaki huko. Kwa kigezo hicho, By the Sea ni kazi iliyokomaa zaidi, hata kama No New Land inasomeka kwa furaha zaidi.

Uraia wa kazi zenyewe

Baada ya Tuzo ya Nobeli kutangazwa mwaka 2021 kulizuka mjadala mkali Tanzania kama Gurnah ni Mtanzania. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, tofauti na Kenya ambako Katiba ya 2010 imeruhusu. Waliosema si wetu waliisoma sheria. Waliosema ni wetu waliisoma Paradise. Mjadala huo ungekuwa wa magazetini tu kama idara za fasihi zisingekuwa zinauendeleza kimyakimya kwa miaka mingi. Idara za Kiswahili hazifundishi riwaya hizi kwa sababu ni za Kiingereza. Idara za Kiingereza huzifundisha, lakini msomaji asiyesikia Kiswahili chini ya sentensi za Saleh Omar amesikia nusu. Kazi hizi ziko kama wakaazi wa kudumu wa silabasi mbili, bila ya kuwa raia wa yoyote. Tafsiri ya Paradise iliyotolewa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022 imeonyesha kwamba mlango upo. Anayeisoma anagundua kwamba mazungumzo mengi hayakutafsiriwa kuingia Kiswahili; yamerudi.

Lakini ingekuwa unafiki kuulalamikia mlango wa Gatwick na kuusahau wa nyumbani. Katiba ya zamani ya Kenya ilimtaka mgeni anayeomba uraia awe anakijua Kiswahili vya kutosha, na sheria ya mwaka 2011 inaendelea kumtaka aelewe na kuzungumza Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Kwa miaka yote hiyo walikuwepo katika pwani ya Kwale na Kilifi Wapemba, wavuvi ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mama zao, wasiokuwa na kitambulisho cha nchi ambayo lugha yake ya taifa ni Kiswahili. Walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Kabla yao Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walilazimika kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa. Mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43. Na huko Tanzania, Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mauaji ya 1972 na vizazi vyao, walipewa uraia kwa mchakato ulioanza 2007 na ambao vyeti vyake vilicheleweshwa hadi 2014. Sharti lao mojawapo lilikuwa kuukana uraia wa Burundi, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Kila mmoja wa watu hao amewahi kujisimulia mbele ya ofisa: alizaliwa wapi, babaye alikuja mwaka gani, chifu gani anamjua. Majibu yao yamo katika mafaili, yamenyooshwa kama fomu inavyotaka. Yale yasiyoingia katika fomu bado yamo vinywani mwa wazee. Riwaya ya Kiswahili, iliyokwisha kushughulikia mkulima, kuli, kahaba na mwanasiasa kwa bidii kubwa, haijampa nafasi inayomstahili mtu huyu anayeijua lugha kuliko ofisa anayempima. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada hana haja ya kwenda Toronto. Basi la Lunga Lunga linapita Msambweni kila siku.